Miongozo ya WITNESS kwa wanaopiga picha za misaada: nilivyoitumia na ninavyoiona

Kama kazi yako ni kuwapiga picha watu waliofikwa na maafa, na unaifanya kwa nia ya kuwasaidia, tafuta miongozo ya shirika la WITNESS kabla hujatafuta lenzi mpya. Haiuzwi. Imewekwa mtandaoni, unaisoma hapo hapo au unapakua faili, unazichapisha na kuzitia kwenye begi la kamera. Mimi natengeneza filamu fupi za makala kwa ajili ya mashirika ya misaada, na miongozo hii nimeipeleka mahali ambapo mambo mazuri ya kwenye karatasi huwa yanavunjika: kwenye mahema yenye kelele, mbele ya mkalimani aliyechoka, na mbele ya mkuu wa kitengo anayetaka video imfikie kesho asubuhi. Sehemu kubwa imehimili. Nyingine imenilazimu nijiongeze, nami nitaisema pia.

Kwa asiyelijua shirika lenyewe: mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel, alizunguka dunia mwaka 1988 na ziara ya muziki ya Amnesty International, akakutana na watu waliopitia mateso. Aliona jinsi visa vyao vilivyokuwa rahisi kukanwa na kusahauliwa pale ambapo hapakuwa na picha. Machi 1991, mkazi wa Los Angeles aitwaye George Holliday alirekodi kutoka roshani ya nyumba yake askari polisi wakimpiga Mmarekani mweusi, Rodney King. Dunia nzima iliona. WITNESS ilianzishwa mwaka uliofuata, 1992, kwa wazo ambalo wakati ule lilionekana linajitosheleza: wapeni watetezi wa haki kamera. Kamera ziligawiwa, na ikadhihirika haraka kwamba kamera peke yake haitoshi. Mtu anaweza kurudi na masaa ya picha ambazo haziwezi kuonyeshwa popote, kwa kuwa hajui zimkusudie nani, au sauti haisikiki, au aliyehojiwa ameachwa katika hatari. Ndipo yakaanza mafunzo, na kutokana na mafunzo ndipo ikaja miongozo hii.

Kila mwongozo wao niliousoma, uwe wa kurekodi maandamano au wa kuwahoji manusura, unakurudisha kwenye maswali mawili kabla hujabonyeza kitufe. Nani hasa anatakiwa aione video hii? Na akishaiona, unataka afanye nini? Ukijibu "watu wote" kwa swali la kwanza na "wajue" kwa la pili, bado hujajibu. Watu wote hawana muhuri, hawaketi kwenye kamati ya bajeti, hawasaini hati ya kufungua mpaka. Nimefanya kazi na mashirika mengi ambayo huanza na muda wa video (dakika tatu, zisizidi) na muziki wake, kisha yakamalizia kwa kuuliza itapelekwa wapi. Miongozo hii inageuza utaratibu huo, na kwangu hili ndilo jambo lake lenye thamani kuliko yote.

Mfano wanaoutoa, nami huutumia kila ninapofundisha vijana wapya, unatoka Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la AJEDI-Ka la Kivu Kusini lilikuwa likifanya kazi ya kuwatoa watoto kwenye makundi ya wapiganaji. Likishirikiana na WITNESS, lilitengeneza video ya kwanza kwa ajili ya vijiji vyenyewe, kwa sababu wapo wazazi waliokuwa wakiwaruhusu watoto wao wajiunge, hata kuwapeleka kwa mkono wao, wakiamini kwamba wanalinda kijiji. Video ilionyeshwa huko huko, watu wakakaa pamoja wakaijadili. Baadaye ikatengenezwa nyingine kwa hadhira tofauti kabisa, watu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na wenye sauti katika mambo ya mahakama hiyo. Tatizo ni lile lile na eneo ni lile lile, lakini mpangilio ni mwingine na ombi ni jingine. Mzazi aliombwa amzuie mtoto asiende. Mwanasheria aliombwa afungue mashtaka.

Hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, iliyotolewa tarehe 14 Machi 2012, ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la Kongo, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Katika ushahidi uliozingatiwa kulikuwa na video ya ziara yake kwenye kambi ya mafunzo ya Rwampara, Februari 2003. Video hiyo haikupigwa na AJEDI-Ka, nisichanganye mambo. Naitaja kwa sababu inaonyesha mahakama inatazama nini kwenye picha: nani alikuwapo, siku gani, amesimama mbele ya nani, na wale waliokuwa mbele yake wanaonekana kuwa na umri gani.

Mfano wa pili ni wa Waendorois, waliokuwa wakiishi kandokando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya na kuanza kuondolewa miaka ya 1970 ili pafanywe hifadhi ya wanyama. Shirika la CEMIRIDE lilitengeneza nao video kwa msaada wa WITNESS, nayo ikawasilishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hadhira ile ilikuwa ndogo sana, makamishna wachache tu, watu ambao hawakuwahi kutembea kwenye ardhi ile inayobishaniwa. Kupitia video waliona ziwa, wakawasikia wazee wakieleza walichopoteza. Februari 2010 uamuzi ukatangazwa kwamba haki za jamii hiyo, ikiwemo ya mali na ya utamaduni, zilikuwa zimevunjwa. Utekelezaji wake umekokotwa mno, na yeyote anayesimulia habari hii aseme na hilo, maana uamuzi ulio kwenye karatasi haujamrudishia mtu malisho yake. Hata hivyo ile video ilifika kwa wale wale iliotengenezewa, na ilibeba jambo moja walilotakiwa kulipima.

Linganisha na picha maarufu kuliko zote katika historia ya misaada. Tarehe 23 Oktoba 1984, BBC ilirusha taarifa ya njaa ya mwandishi wake Michael Buerk kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia, picha zikiwa zimepigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Vituo zaidi ya 400 duniani viliichukua. Kwanza ukatoka wimbo wa kuchangisha fedha, halafu tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, na fedha nyingi zikapatikana. Mimi namheshimu sana Mohamed Amin, kwa jicho lake na kwa ujasiri wake. Alikwenda, alikaa na kamera mahali ambapo wengi wasingeweza kutazama, na wapo watu waliokula kwa sababu yake. Sitakubaliana kamwe na anayesema picha zile zisingepigwa. Lakini zilipokwisha kuondoka mikononi mwake na kurushwa tena na tena bila maelezo, kilichobaki kwa watazamaji wengi ni ukame na watu wasio na majina. Ile vita iliyokuwa ikiendelea Tigray na Eritrea, na jinsi chakula na usafiri wake vilivyotumika katika vita hiyo, havikupata nafasi. Wakaja watengenezaji wa matangazo ya misaada wakaiga sura ile kwa miaka 30: mtoto, macho makubwa, nambari ya simu.

Halafu kuna ile filamu fupi iliyowekwa mtandaoni Machi 2012 kumhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA waliotokea Uganda, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku sita. Ombi lake lilikuwa kila mtu amjue Kony. Wakati huo kundi lake lilikuwa limekwishaondoka Uganda kwa miaka kadhaa. Filamu ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu waliokatwa viungo na kupoteza watoto katika vita ile, walikasirika hadi onyesho likavurugika na mawe yakarushwa. Nawaelewa. Walikuwa ndani ya hadithi lakini hawakuwa sehemu ya hadhira. Hakuna aliyewauliza wao wangependa nani aambiwe nini. Ndiyo maana yale maswali mawili ya WITNESS nimeyaongezea la tatu langu: anayesimuliwa akiketi kwenye mstari wa mbele, atabaki kitini hadi mwisho?

Sasa niseme kuhusu mwongozo ninaoupenda kuliko yote, ule wa kuwahoji manusura wa ukatili wa kingono na wa kijinsia. Ni mfupi na umeandikwa kwa upole. Hata kama hujawahi kufanya kazi na manusura wa aina hiyo, usome, kwa kuwa aliyepoteza nyumba na watoto kwenye mafuriko naye ameumizwa, na mahojiano yanaweza kumuumiza tena. Ndani ya miongozo yao ridhaa ina nguzo nne. Mtu aelezwe wazi video ni ya nini na itakwenda wapi. Akubali kwa hiari yake bila kushinikizwa. Awe ameelewa kweli alichoelezwa. Na awe katika hali ya kuweza kuamua, maana mtoto, au mtu aliyefiwa jana yake, hayuko sawa na mwingine. Zaidi ya hapo wanakufundisha kumweleza baya kabisa linaloweza kutokea, ukichukulia kwamba yule yule asiyemtakia mema ataiona video hiyo.

Kwa miaka mingi fomu ya ridhaa ilikuwa ni karatasi ya kumlinda mwenye kamera. Saini hapa, asante mama, tuanze. Kwa nguzo hizi nne ile karatasi inakuwa mazungumzo. Nilimhoji mama mmoja kwenye makazi ya muda baada ya mto kuvunja kingo. Alikubali upesi mno, hata kabla sijamaliza kueleza. Nikakumbuka nguzo ya hiari, nikamwuliza: "Mama, nikiizima kamera hii sasa hivi nikaondoka, unadhani kwako kitabadilika nini?" Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Si jina langu litatolewa kwenye orodha ya mahema, mwanangu?" Hapo hapakuwa na ridhaa yoyote, hata angesaini fomu kumi. Nilimwita msimamizi wa ugawaji aje aseme mwenyewe, mbele yake na mbele ya majirani zake, kwamba orodha ile haihusiani na kamera. Sikurekodi kitu siku ile. Kesho yake alikuja mwenyewe na masharti: sura za wanawe zisionekane, jina la kijiji chake lisitajwe, na azungumzie kamati ya wanawake waliyoiunda kugawana maji kabla gari la misaada halijafika. Mahojiano yale ni miongoni mwa bora niliyowahi kurekodi. Alikuwa na jambo la kusema, naye alijua analisema kwa nani.

Ofisi iliyonituma, ambayo siitaji, ilikuwa imenipa orodha ya picha zinazotakiwa. Mojawapo ilikuwa mama analia, tena kwa karibu. Niliwapelekea kurasa za mwongozo pamoja na video, nikaeleza kwa nini picha hiyo haimo. Tulibishana kwa simu. Mwishowe video ilikwenda kama ilivyo. Nalisema hili kwa vijana wanaoajiriwa kwa mkataba mfupi na kuogopa kukataa: ni vigumu kumwambia mkubwa wako "moyo wangu umekataa", ni rahisi zaidi kumwonyesha utaratibu ulioandikwa na watu waliofanya kazi hii kwa miongo mitatu. Mashirika ya maendeleo ya Ulaya nayo yana kanuni zao za picha na ujumbe tangu mwaka 2006, zinazodai heshima na ukweli kwa anayepigwa picha. Wafadhili wengi wanazijua. Ziwekeni mezani.

Kuhusu kuficha sura, mwongozo una msimamo ninaouunga mkono kwa asilimia mia: anayehitaji kufichwa afichwe tangu wakati wa kurekodi, siyo baadaye kwenye kuhariri. Ukirekodi sura yake wazi ukitegemea kuifunika kwenye kompyuta, ile memori kadi inaweza kunyang'anywa kwenye kizuizi cha barabarani, na hapo yupo na uso wake wote. Mweke dirisha nyuma yake abaki kivuli, au rekodi mikono yake, au mpige kutoka nyuma. Halafu angalia yale ambayo jicho huyapuuza: kanga anayoivaa kila siku, kovu, mlango wenye rangi inayojulikana mtaa mzima, sauti ya jirani akimwita kwa jina. YouTube ilipoweka zana ya kufunika sura mwaka 2012, WITNESS ilikuwa imeshalipigia kelele jambo hilo mwaka mmoja kabla. Ni zana nzuri, ila inakuja mwisho wa safari, na hatari huanza mwanzoni.

Upande wa ufundi sitakaa sana, kwani mpiga picha mzoefu ataona mengi anayajua. Shikilia kila shoti angalau sekunde 10 bila kuyumba. Piga ya mbali, ya kati na ya karibu. Zungusha kamera polepole nyuzi 360 ili mtazamaji ajue uko wapi. Sema kwa sauti, au andika kwenye karatasi uirekodi, tarehe, saa na mahali, isipokuwa kama kufanya hivyo kutamhatarisha mtu. Faili asilia usiliguse wala usilibadilishe jina. Fanya nakala, hariri nakala, na nakala nyingine iwekwe mahali tofauti. Hili la mwisho lisikupite. Mwaka 2017 mitambo ya YouTube ya kuchuja video za ukatili iliondoa maelfu ya video za vita vya Syria, nyingi zikiwa zimepakiwa na watu walioamini wameziweka mahali salama. Mtandao ni mahali pa kuonyeshea. Ghala ni lako mwenyewe.

Mwongozo mkubwa kuliko yote ni ule wa video kama ushahidi, na ndani yake kuna jambo lililobadilisha namna ninavyotengeneza makala za misaada, ingawa haukuandikwa kwa ajili hiyo. Unagawa ushahidi katika aina tatu. Upo unaoonyesha tendo lenyewe: nyumba iliyochomwa, jeraha, kaburi. Upo unaounganisha tendo na mhusika: sare, beji, nambari za magari, redio za mawasiliano, hati, amri iliyotolewa kwa sauti. Na upo unaoonyesha kwamba mwenye madaraka alikuwa na taarifa, yaani alijua au alipaswa kujua, akaacha.

Fikiria filamu za misaada ulizowahi kuziona, uzipange katika mafungu hayo matatu. Karibu zote zimo katika la kwanza. Tunaonyesha jeraha, tunaonyesha na daktari anayelifunga, tunaomba mchango. Fungu la tatu ni tupu, wakati kwa maafa mengi hilo ndilo lenye hadithi. Kingo za mto haziporomoki bila mtu kuandika barua kabla. Njaa hairuki kutoka angani. Tahadhari hutolewa miezi kadhaa mapema na wataalamu wa hali ya hewa na wa chakula, bei za sokoni zinapanda, mifugo inaanza kuuzwa kwa hasara. Somalia mwaka 2011 tahadhari zilitolewa mapema, njaa ikatangazwa rasmi mwezi Julai, na utafiti uliofanywa baadaye ukakadiria kuwa watu wapatao 260,000 walikufa. Filamu inayoanza Julai itaonyesha watoto waliokonda. Inayoanza mwaka mmoja nyuma itaonyesha nani alipelekewa ripoti.

Tangu niusome mwongozo ule, ninapofika mahali palipopatwa na maafa nauliza pia nani aliwahi kulalamika, kwa nani, na kama kuna karatasi. Mara nyingi ipo. Mzee atatoa bahasha, au mwalimu atafungua simu akuonyeshe ujumbe aliomtumia ofisa. Narekodi karatasi ile taratibu: ukurasa mzima kwanza, kisha tarehe, kisha muhuri wa kupokelewa. Ni picha zisizo na mvuto wowote. Lakini nimewahi kukaa kwenye chumba ambamo kipande kama hicho kilionyeshwa kwa watu wanaohusika, na kikao kikabadilika pale pale. Waliacha kuzungumzia blanketi, wakaanza kuzungumzia tarehe.

Kasoro zake sasa. Ya kwanza inatokana na hilo hilo: miongozo imeandikwa kwa kudhania kuna mkosaji na kuna mahakama. Kwenye tetemeko la ardhi, kwenye kipindupindu, kwenye kambi ambayo watu wamekaa miaka 20 bila mtu mmoja wa kumnyoshea kidole, inakubidi uchukue wazo na kulishona upya mwenyewe. Mimi nimefanya hivyo, lakini mtu anayeanza anaweza kuufunga ule wa ushahidi akidhani haumhusu. Lugha yake nayo ni nzito kwa sehemu, inanukia mwanasheria. Kuna jedwali la kupanga mkusanyo, ambamo unaandika kila jambo linalotakiwa kuthibitishwa na karibu yake shoti inayoweza kulithibitisha. Ni zana nzuri ajabu, ila nilihitaji kuisoma pole pole na mwenzangu mmoja mwanasheria kabla haijakaa kichwani.

Ya pili ni kubwa zaidi kwangu mimi ninayetengeneza makala. Miongozo ina nguvu katika kukusanya na kulinda, lakini katika kusimulia inagusa tu. Utajifunza kupata ushuhuda ulio safi na salama. Utakaporudi na saa sita za ushuhuda huo na kuketi kuuhariri, upo peke yako. Nani aanze kuzungumza? Taarifa ya kisheria iingie wapi bila kuua pumzi ya filamu? Mtazamaji asiyemjua mtu yeyote ndani yake atashikwa na nini katika nusu dakika ya kwanza? Kamishna na waziri nao ni watu. Wakichoka wanaangalia simu. Ningependa kuona mwongozo mmoja kamili juu ya chumba cha uhariri, wenye mfano wa ushuhuda mmoja uliohaririwa kwa njia tatu kwa hadhira tatu, maana wana uzoefu huo tangu Kongo.

Ya tatu: nini kinafuata kwa aliyehojiwa. Wanasisitiza kuendelea kuwasiliana naye, kwamba ridhaa inaweza kuondolewa. Kwenye mazingira yangu mtu anahamishwa kambi, simu inapotea, mkalimani anapata kazi kwingine. Tumejitengenezea utaratibu wetu: mtu wa kudumu wa eneo hilo, asiye mwajiriwa wa shirika, ambaye mhojiwa anamwamini na anaweza kumfikia bila kupitia kwetu akitaka video iondolewe. Na nakala ya filamu inarudi kwa wahusika kabla ya kwenda kwa mfadhili. Haya sikuyapata kwenye kurasa zao kwa undani niliouhitaji.

Jambo moja la mwisho upande wa sifa. Tangu mwaka 2018 wameshughulikia kwa makini suala la video bandia zinazotengenezwa na kompyuta, bila kutia watu hofu. Kwetu sisi hatari haiko tu kwenye video ya uongo kuaminiwa. Iko pia kwenye ofisa kuitazama video ya kweli, ya mwanamke halisi aliyekaa mbele yangu, akasema siku hizi haya yote hutengenezwa. Programu huru kama ProofMode, iliyotoka kwa watengenezaji wa programu wa Guardian Project ambao wameshirikiana na WITNESS kwa muda mrefu, huambatanisha na picha yako taarifa za wakati, mahali na kifaa, pamoja na alama ya kidijiti inayoonyesha kama faili limeguswa. Naitumia pale ambapo taarifa ya mahali haimtii mtu hatarini. Pale inapomtia, naizima.

Naipendekeza miongozo hii bila kusita kwa yeyote anayepiga picha kwa niaba ya watu wengine, awe wa shirika kubwa au kijana mmoja mwenye simu. Anza na ule wa kuwahoji manusura, usome wote, hata mara mbili. Kisha soma ile ya msingi ya kurekodi na kuhifadhi, ambayo unaweza kuimaliza ndani ya safari ya gari. Ule wa ushahidi uache mwisho, usome sura ya kuthibitisha uhusika na ya kuonyesha kwamba wenye madaraka walijua, ukiwa na kalamu, na tukio halisi unalotaka kulirekodi likiwa mbele yako. Na mtu wa fedha au wa mawasiliano katika shirika lako mpe zile kurasa za ridhaa kabla hajakuandikia orodha ya picha anazozitaka.